Safari na Watoto Wadogo: Tubebe Nini?

Vakansi kubwa zikifika barabara ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi inajaa jamaa. Huyu anapeleka watoto kwa nkambo, yule anaenda ndoa, mwingine ameitwa kilio na hakupata hata siku mbili za kujitayarisha. Tunajua kufunga mizigo ya watu wakubwa. Ile ya watoto tunafunga mwisho, mbio mbio, shofere akiwa tayari anapiga honi.

Katika Mwanzo sura ya 33 Esau anamwomba ndugu yake Yakobo waende safari pamoja. Yakobo anakataa kwa heshima, kwa maana watoto wake ni wadogo na mifugo inanyonyesha. Anasema yeye atafuata polepole, kwa mwendo wa watoto. Tuwaze neno hilo tukiwa kwenye barabara yetu. Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120, mpaka Kolwezi ni zaidi ya 300. Kwa hesabu ya shofere ni saa chache. Lakini kamio moja yenye kubeba shaba ikiharibika katikati ya barabara, mstari unakuwa mrefu, na jua linashuka mkingali palepale. Basi sharti la kwanza ni hili: ukiwaza safari ya saa tano, beba maji, chakula na kushe za saa kumi.

Tuanze na kitu ambacho wengi hawapendi kununua: kiti cha mtoto. Mama anasema, "Nitamkamata mikononi." Mama, hautaweza. Gari inayokimbia kilometa 60 kwa saa, ikigonga na kusimama mara moja, mtoto anarushwa kwa nguvu sawa na mtu aliyeanguka toka urefu wa metre 14, ni kusema toka etaji ya nne. Hakuna mikono inayoweza kuzuia hiyo, hata ya baba anayefanya kazi ya mgodini.

Viti hivyo vinauzwa mjini, hata vile vilivyotumika Ulaya. Ukinunua cha kutumika, angalia kama mikaba yake haijakatwa na plastiki haina ufa. Na kama kiti kilikuwa ndani ya aksida, kiache. Mtoto mchanga akae akitazama nyuma, tena kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kumweka mbele hivyo, mahali ambapo mfuko wa hewa (erbagi) unaweza kufunguka, ni hatari ya kifo, kwa maana unamgonga kichwani kwa nguvu.

Kama hakuna kiti? Basi kila mtoto anayeweza kukaa peke yake akae nyuma, na mukaba wake mwenyewe. Usifunge mukaba mmoja juu yako na mtoto uliyempakata. Gari ikigonga, uzito wa mwili wako njo utamponda. Tena nasema wazi: mtoto juu ya mizigo ya kamio, hapana. Najua nauli ni rahisi. Hata hivyo, hapana.

Wengi wetu hatuna mutuka, tunapanda bisi. Huko mama ajifunge mukaba kama upo, ukipita chini ya mtoto, kwenye nyonga zake mwenyewe. Mtoto afungwe na kikwembe kifuani, si mgongoni, maana mgongoni anapondwa na kiti. Hii haishindi kiti cha mtoto, lakini ni bora kuliko mikono mitupu. Msikae benchi ya mbele karibu na shofere. Tena angalia mlango wa ile bisi. Nyingi zilitengenezwa kwa nchi ambako gari zinapita mkono wa kushoto, kwa hiyo mlango wa kusukuma uko upande wa kushoto. Kwetu Kongo tunapita kuume, ni kusema mlango huo unafungukia katikati ya barabara! Baba au kijana mkubwa ashuke wa kwanza, atazame, kisha awakamate watoto mkono mmoja mmoja. Katika gari ndogo, fungua mlango wa nyuma utazame pembeni yake: kuna kitu kidogo cha kusukuma, na ukikisukuma mtoto hawezi tena kuufungua toka ndani.

Sasa maji. Hajiri alipotumwa jangwani na mtoto, alipewa mkate na kiriba cha maji, na maji yakaisha kabla ya safari kuisha (Mwanzo 21). Beba bidoni ya litre 10 ya maji safi, mbali na yale ya kunawa. Lakini bidoni ile imebeba nini mbele? Katika miji yetu ya migodi, bidoni na mapipa yaliyobeba dawa za viwanda yanafika sokoni, yameoshwa vizuri, yanang'aa. Usiyatie maji ya kunywa hata kidogo, kwa maana sumu nyingine haitoki kwa sabuni. Na bidoni ya esansi isikae ndani na watoto: mvuke wake unaumiza kichwa, unatapisha, na cheche moja inatosha.

Mtoto asiyefika miezi sita, maziwa ya mama yanamtosha, hata maji hahitaji. Kwa wakubwa, mikate, ndizi, mayai ya kuchemsha. Karanga nzima usimpe mtoto mdogo ndani ya gari inayotikisika, inaweza kuingia njia ya pumzi, na mtoto amenyamaza tu, unafikiri amelala.

Dawa si lazima ziwe mingi. Sashe za maji ya chumvi na sukari (ORS), moja kwa litre moja ya maji safi. Zikikosa, tengeneza mwenyewe: litre moja, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe, visijae juu. Mtoto anayehara au kutapika anywe kidogo kidogo. Ongeza siro ya homa kwa kipimo ulichopewa na muuguzi, kadi ya chanjo, na chandarua chenye dawa, kwa maana huko mnakolala usitegemee cha wenyeji. Sashe za plastiki za kutapikia zikae mkononi.

Kwa nguo, watu wanasahau kwamba vakansi kubwa zinaanguka kipindi cha baridi. Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1 400, na asubuhi ya mwezi wa saba mtoto anatetemeka. Saa sita vumbi na jua. Kikwembe mbili njo zinasaidia kuliko vyote: blanketi, kivuli dirishani, kitanda, pazia mtoto akienda kujisaidia kichakani. Lakini usimwache mtoto ndani ya gari iliyofungwa juani, hata ukienda kulipa peaji tu. Kwa dakika 10 joto ndani linaweza kupanda karibu digri 10.

Yosefu na Maria walitembea siku nzima wakifikiri Yesu yuko na wenzao wa safari (Luka 2). Kama ilifika kwao, inaweza kufika kwetu pale Kasumbalesa kwenye watu wengi. Andika namba ya telefone kwenye kitambaa, ukishone ndani ya nguo ya mtoto. Mvike rangi ya kuonekana.

Jambo moja la barabara yetu. Mwezi wa pili 2019, kijijini Kabwe katika Lualaba, kamio ya asidi iligongana na bisi, na watu karibu 20 wakafa. Ukiona kamio ya namna hiyo imepinduka, usikaribie, usiruhusu vijana wakimbilie kuangalia. Rudisha watoto nyuma, upande ambako upepo unatokea. Aliyerushiwa asidi avuliwe nguo, aoshwe na maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, ndipo apelekwe hopitali. Ndiyo sababu nyingine ya kutopunguza bidoni ya maji ili kupata nafasi ya gunia la makaa.

Watu wanauliza juu ya telefone za michezo. Nusu saa haina neno. Nyimbo za shule ya siku ya Mungu zinafika mbali zaidi, na hazimalizi betri.

Basi vitu hivi vyote vitie ndani ya mfuko mmoja, ukae miguuni pa mama, usifungwe juu ya gari chini ya godoro na kuku. Torshi iwe juu kabisa ya mfuko, na mtoto mkubwa aonyeshwe kabla ya kutoka mahali ilipo.