Mlutheri Aliye Mbali na Usharika: Mafunzo Kutoka Vijiji vya Simiyu

Mchungaji wa mjini hupokea mara kwa mara swali hili kutoka kwa msharika aliyehamishwa kikazi: "Mchungaji, kijiji nilichopelekwa hakina usharika wetu. Je, nikasali wapi?" Muulizaji aghalabu ni mwalimu, muuguzi au bwana shamba, na huuliza akiwa amekwisha kufunga mizigo yake. Baadhi yetu humjibu kwamba Mungu ni mmoja, basi asali popote. Wengine humwonya asiende kwa wengine asije akapotea. Majibu haya mawili humwacha muumini peke yake. Makala hii inakusudia kueleza jinsi tunavyoweza kumjibu kwa kufuata ukiri wetu, tukitumia mfano wa Mkoa wa Simiyu.

Historia fupi ya eneo

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, uliundwa mwaka 2012, nao una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wenyeji wake walio wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Nasa, kando ya Ziwa Victoria katika Busega ya leo, palikuwa na kituo cha CMS, jumuiya ya wamisionari Waanglikana, ambacho mwaka 1909 kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Kutokana na kazi hiyo lilikua kanisa linaloitwa leo Africa Inland Church Tanzania (AICT). Wakatoliki nao walijenga parokia zao, na zile za Bariadi na Maswa zimo katika Jimbo la Shinyanga. Waadventista wa Sabato na makanisa ya Kipentekoste pia wamo.

Walutheri je? Jumuiya za kimisionari zilikuwa na desturi ya kugawana maeneo, na Usukuma haukuwa fungu letu. KKKT ilipoundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa la Usukuma. Ulutheri uliingia huku kwa sehemu kubwa pamoja na watu waliohama kwa ajili ya kazi na biashara, kutoka Kilimanjaro, Bukoba na kwingineko, waliokusanyika kwanza katika nyumba zao. Leo ipo Dayosisi ya Kusini-Mashariki ya Ziwa Victoria, yenye makao yake Shinyanga. Hata hivyo, aliye kijijini ndani ya Meatu au Itilima, hasa wakati wa masika udongo mweusi unapofunga njia, anaweza kukaa miezi mingi bila kumwona mchungaji wake.

Ukiri wetu unasema nini?

Ibara ya 7 ya Ukiri wa Augsburg wa mwaka 1530 inafundisha kwamba kwa umoja wa kweli wa Kanisa yatosha kukubaliana katika mafundisho ya Injili na katika kuzitoa sakramenti; si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Basi msharika wetu asikatae ibada kwa sababu hakuikuta liturujia aliyoizoea, au kwa sababu wanaimba Tenzi za Rohoni badala ya Tumwabudu Mungu Wetu, au kwa sababu mahubiri ni ya Kisukuma. Lugha hujifunzwa, na anayeanza kwa kuitikia "Mwangaluka" amekwisha kuanza kuwa jirani.

Lakini Ibara hiyohiyo inataja Injili na sakramenti, na hapa haturuhusiwi kupuuza tofauti. AICT hubatiza wale wanaoweza kuikiri imani wenyewe, nao watoto wachanga huwekwa wakfu kwa maombi. Waadventista na Wapentekoste nao hawabatizi watoto wachanga. Mlutheri aliyebatizwa utotoni akitaka kuwa mshirika kamili huko, aghalabu ataambiwa abatizwe tena. Kwetu sisi jambo hilo si desturi tu. Ubatizo ni kazi ya Mungu, nao ni mmoja (Efe. 4:5), kuurudia ni kusema kwamba ahadi ya kwanza haikuwa kitu. Wakatoliki huutambua ubatizo wetu, lakini hawatukaribishi kwenye meza ya Bwana.

Kwa hiyo jibu letu liwe hili: ashiriki katika kusanyiko la karibu ambalo Kristo anahubiriwa kuwa Mwokozi kwa neema, ashiriki kama mgeni mwaminifu, afanye kazi pamoja nao, lakini asiukane ubatizo wake. Katika habari ya meza ya Bwana, aulize kwa heshima desturi ya mahali pale, asijipenyeze.

Wajibu wa mchungaji

Jibu hilo lingekuwa maneno matupu kama mchungaji hatatimiza sehemu yake. Kwanza, ampe msharika barua ya utambulisho, na amwandikie mchungaji au mkuu wa jimbo aliye karibu na kijiji kile. Wengi hupotea kwa sababu hakuna aliyejua kwamba wamefika.

Pili, amfundishe kuongoza ibada ya nyumbani. Katika dibaji ya Misa ya Kijerumani ya mwaka 1526, Luther alitamani Wakristo wa kweli wakusanyike nyumbani kwa sala na kusoma Neno. Mwaka 1523 aliwaandikia Wabohemia kwamba ni salama zaidi baba wa nyumba awasomee watu wake Injili na kuwabatiza watoto, hata wakiikosa Meza ya Bwana, kuliko kuipokea isivyopasa. Biblia, Katekisimo Ndogo na kitabu cha nyimbo vyatosha kwa kuanzia.

Tatu, mchungaji au mwinjilisti apange safari kwa tarehe zinazojulikana, ili ubatizo wa watoto na Chakula cha Bwana viwe na siku yake. Mama aliyejifungua akijua kwamba mchungaji atakuja baada ya mavuno, atasubiri kwa amani. Asipojua, atashawishika kuamini kwamba kanisa lake limemwacha, na pengine litakuwa limemwacha kweli.

Saa ya majaribu

Jambo hili huonekana wazi penye msiba. Kijijini mtu huzikwa na wale aliokuwa akizika pamoja nao. Mlutheri aliyejitenga miaka mitatu akingoja usharika wake, akifiwa na mtoto, ni nani atakayesimama kaburini kusali? Majirani wa AICT au jumuiya ndogo ndogo ya Wakatoliki watakuja, kwa maana ndiyo desturi ya watu wema. Lakini watamzikia mgeni. Yule aliyeketi nao katika Neno atazikiwa na ndugu.

Nasi wanafunzi na walimu wa theolojia tukumbuke kwamba sharika zetu nyingi za Usukuma zilianza na nyumba za namna hii. Anayeuliza "Nikasali wapi?" huenda ndiye mwanzo wa mtaa mpya. Tusimjibu kwa haraka, wala tusimwache aende bila barua.