ECG, Holta au kinasa cha chini ya ngozi: ulipie kipi?

Ukishaambiwa misuli ya moyo imetanuka au imenenepa, swali linalofuata ni la mapigo: yanaweza kwenda mrama ghafla na kuua? Hapo ndipo familia nyingi hupoteza fedha, kwa kulipia kipimo kisichojibu swali lao.

ECG ya kawaida, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ndiyo nafuu kuliko zote, wala usiiruke. Vibandiko 10 mwilini, sekunde 10, umemaliza. Karatasi hupita kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo moyo wako wote umo katika sentimita 25. Humo daktari huona hitilafu za kudumu: njia ya umeme iliyoziba upande wa kushoto, dalili za kovu, mawimbi yaliyopinduka. Mapigo yaliyokurupuka usiku wa manane hayamo.

Hayo hunaswa na Holta, kimashine unachovaa saa 24 au 48. Kwa mwenye misuli iliyonenepa, mapigo matatu tu ya kasi yanayofuatana kutoka vyumba vya chini vya moyo hubadilisha hesabu ya hatari, hata kama hakuhisi chochote. Gharama hii naitetea. Lakini anayezimia mara moja kwa miezi kadhaa, Holta ya siku moja huenda isimkute. Akirudia mara tatu, pamoja na nauli na malazi, fedha imekwisha na jibu hana. Huyo aulizie kinasa kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, ambacho hukaa hata miaka 3. Ni ghali, na si kila hospitali inaweka. Ila kama moyo ni dhaifu sana na ameshazimia, asikae akisubiri kunaswa; daktari anaweza kushauri kifaa cha kushtua moyo moja kwa moja.

Saa janja zenye ECG husoma upande mmoja wa moyo kwa sekunde 30, na hulenga zaidi mtetemo wa vyumba vya juu. Usizitegemee kwa hatari hii.

Kwa moyo uliotanuka, eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndiyo huamua mengi: nguvu ya kusukuma damu ikibaki asilimia 35 au chini baada ya angalau miezi 3 ya dawa, ndipo kifaa cha kushtua hujadiliwa. Kwa hiyo ukilazimika kuchagua kati ya Holta ya pili na dawa za mwezi, nunua dawa. Bisoprolol na carvedilol, kwa moyo dhaifu, zenyewe hupunguza vifo vya ghafla.

Na ile karatasi ya ECG ipige picha siku hiyohiyo, maana mistari yake hufifia, na daktari ajaye atataka kulinganisha.