Sukuma Wiki na Majirani Zake

Katika magunia na vipande vya ardhi vya Kayole, Umoja na Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, mara nyingi sukuma wiki, spinachi na terere hukaa pamoja, na mkulima huridhika kwamba amechanganya. Kwa sufuria, amechanganya. Kwa udongo, bado. Mimea mingi hushirikiana na kuvu wanaoingia mizizini na kutandaza nyuzi nyembamba mbali zaidi kuliko mzizi unavyofika. Huleta fosforasi, nao hulipwa sukari. Sukuma wiki, kama kabeji na jamaa zake, haina ushirika huo, na spinachi na terere hushirikiana nao kidogo sana au hazishirikiani kabisa. Mboga hizo tatu zikitawala msimu baada ya msimu, kuvu hao hukosa wa kuwalisha na hupungua. Kitunguu, dhania, managu na kunde ndizo huwalisha.

Kunde huongeza jambo jingine kubwa. Mizizi yake huvuta bakteria wa raizobia, hufanya vinundu, na humo naitrojeni ya hewani hugeuzwa chakula cha mmea. Kwa kuwa ni mmea wa Afrika, bakteria wanaoufaa wamo katika udongo mwingi wa huku. Maharagwe ni dhaifu zaidi kwa kazi hiyo, na kwa mimea kama hiyo Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza Biofix, bakteria wa kupaka kwenye mbegu. Wapo watakaosema kunde haimgawii jirani naitrojeni ikiwa hai. Ni kweli kwa sehemu kubwa: hutoka hasa mizizi na majani yakioza, na majani yakichumwa yote kwa mboga, nyingi huishia mezani. Lakini hata hapo kunde hainyang'anyi sana naitrojeni ya udongoni, na ikikatwa juu ya ardhi badala ya kung'olewa, mizizi hubaki kuilisha sukuma ya msimu ujao.

Pingamizi zito zaidi ni udongo wenyewe. Ule mweusi wa Eastlands hujaa maji mvua ikizidi, na vinundu huhitaji hewa; mboji huulegeza udongo huo. Kipasue kinundu: chekundu ndani kinafanya kazi, cheupe hakifanyi. Karibu na jaa la Dandora, ambako utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa 2007 ulikuta risasi nyingi udongoni, hakuna mchanganyiko wa mimea utakaoiondoa sumu hiyo. Hapo suluhisho ni gunia lenye udongo safi wa kwingine. Udongo huo ukichotwa mahali kunde zilipostawi, huja na kuvu na bakteria wake.