Ngamia wa Jangwani na Uyoga wa Porini

Huenda mkacheka mkisikia kwamba leo nataka kumlinganisha ngamia na uyoga. Lakini wote wawili wana jambo moja: watu huwahukumu kwa sura ya nje, wakakosea.

Tuanze na ngamia. Wengi husema kuwa nundu yake ni mtungi wa maji. Sivyo. Nundu ni shahamu, nayo ni akiba ya chakula. Malisho yakikosekana siku nyingi, hunywea ikalala upande. Basi kiu aistahimilije? Mwaka 1953 na 1954 mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen na wenzake waliwapima ngamia katika Sahara, nchi ya Algeria. Wakaona kwamba ngamia aliyekosa maji, mwili wake hupoa alfajiri hata digrii 34, na mchana huachiliwa upate joto hata kupita digrii 40, ndipo atokwe na jasho jingi. Hivyo maji yake hayapotei bure. Naye akifika kisimani aweza kunywa lita 100, yaani kama madebe matano, kwa dakika 10 hivi.

Sasa uyoga. Tuuonao si mwili wote, ni kama tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba mno, zilizotandaa udongoni au ndani ya gogo. Hazina ukijani wa kujipatia chakula kwa nuru ya jua. Hutoa maji yanayoyeyusha miti mikavu, kisha huyafyonza. Uyoga wa kichuguuni, katika misitu ya miombo, ni mazao ya bustani ya mchwa: mchwa huleta vipande vya miti, nyuzi huvilainisha, na wote hula.

Kosa la nundu halimdhuru mtu. Kosa la uyoga huua. Wako wasemao kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama, au kwamba ukichemshwa sana sumu hutoka. Msiwasadiki. Ziko sumu za uyoga zisizoondoka kwa moto. Tena mlaji huenda asione maumivu kwa muda wa saa 6 au zaidi, na kumbe ini linaharibika. Basi, usioujua kwa yakini, usiule. Na aliyekwisha kuula apelekwe hospitali upesi, pamoja na kipande kilichosalia, wala asingoje kuumwa.