Kichwa chauma mlimani? Shuka mapema

UKIONDOKA Umoja au Buruburu alfajiri, jioni waweza kuwa umepiga hema kando ya Ziwa Ellis, Mlima Kenya. Matatu hukufikisha Chogoria, kisha Landrover hupenya msitu na mianzi hadi lango la mbuga na kupita. Mandhari yapendeza mno, lakini gari limepanda upesi kuliko mwili unavyoweza kuzoea.

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Ziwa hilo liko zaidi ya mita 3,400. Huko, kila pumzi ina takriban thuluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata Mombasa. Saa 6 hadi 12 baada ya kufika, kichwa huanza kuuma, chakula hakipiti na usingizi hauji. Wengi hudhani ni baridi au malaria, wakameza dawa na kuendelea kupanda. Hata kijana mwenye nguvu hupatwa.

Usiku wa kwanza lala karibu na lango, kama mita 2,950. Kesho yake tembea hadi ziwani, urudi kulala langoni. Epuka pombe na dawa za usingizi. Kichwa kikiuma, usipande zaidi. Mwenzako akipepesuka, akichanganyikiwa au akihema hata akiwa ameketi, mshusheni mara moja, ijapokuwa ni usiku wa manane. Hapo mapafu yanajaa maji au ubongo unavimba, na mkingoja kukuche huenda asiione asubuhi.

Mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu, na mama mjamzito, amwone daktari kabla ya safari. Ziwa halihami.