Vifuniko vya plastiki vya kunyoosha meno: vinafanyaje kazi?

Labda binti yako ana miaka 13, meno yake ya mbele yamepandana na anaziba mdomo anapocheka. Ameona kwenye simu watu wanaovaa vifuniko vya plastiki angavu badala ya nyaya, naye anakuomba umtafutie. Kabla ya kuuliza bei, ni vizuri ujue kinachotokea ndani ya kinywa, maana kazi kubwa inafanywa na mwili wenyewe.

Jino halijagandana na mfupa wa taya. Limeshikwa ndani ya tundu lake na nyuzinyuzi nyembamba sana. Likisukumwa taratibu, nyuzi za upande linakoelekea hubanwa, na seli za mwili huanza kumega mfupa wa upande huo. Upande linakotoka, nyuzi huvutwa na seli nyingine hujenga mfupa mpya. Kwa hiyo jino huhama pamoja na tundu lake, na ndiyo sababu matibabu huchukua miezi mingi. Nguvu ikizidi, mzizi wa jino unaweza kulika.

Daktari wa meno huchukua umbo la meno ya mtoto, na kompyuta huigawa safari nzima katika hatua ndogo ndogo. Kila hatua ina kifuniko chake, kilichotofautiana na meno yalivyo sasa kwa kiasi cha robo ya milimita hivi. Ukikivaa, plastiki hujipinda kidogo, kisha hujaribu kurudia umbo lake. Huko kurudi ndiko kunakosukuma jino. Baada ya wiki moja au mbili huvaliwa kinachofuata. Mara nyingi daktari hubandika pia vinundu vidogo vya rangi ya jino ili plastiki ipate pa kushika.

Sasa jambo litakalokuhusu wewe kila siku. Vifuniko hivi huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Huvuliwa wakati wa kula, kupiga mswaki na kunywa kitu chochote kisicho maji. Mtoto akivivaa usiku tu, jino husukumwa usiku na kurudi mchana, na kifuniko kinachofuata hakitaingia. Kama mwanao hupoteza sweta ya shule kila muhula, nyaya za kawaida huenda zikamfaa zaidi, kwa sababu hawezi kuzivua. Hilo si jambo la aibu. Na zipo kazi ambazo nyaya huzifanya vizuri zaidi, kama kugeuza chonge lililopinda sana au kuvuta jino lililokwama ndani ya fizi.

Akinywa soda au chai ya sukari bila kuvua, sukari hubaki imefungiwa juu ya jino mahali ambapo mate hayafiki, na jino huoza. Vioshwe kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu, kwani maji ya moto hupinda plastiki.

Usikubali vifuniko vinavyoagizwa kwa posta bila daktari kuangalia kinywa. Fizi zenye ugonjwa hazina mfupa imara, na jino likisukumwa pale linaweza kulegea hadi kung'oka. Meno yaliyooza hutibiwa kwanza, na picha ya eksirei huonyesha mizizi. Kampuni ya Marekani iitwayo SmileDirectClub, iliyouza vifuniko kwa njia ya mbali, ilifunga kazi Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakaachwa njiani.

Kama mtoto wako bado ana meno mengi ya utoto, usikimbilie vifuniko, ila mpeleke akaangaliwe anapofika miaka 7 hivi. Mwambie daktari kama ananyonya kidole, au kama jino la utoto ling'olewa mapema, maana meno jirani huegemea lile pengo na la ukubwani hukosa nafasi.

Unapoulizia gharama, ulizia pia kifaa cha kushikilia meno baada ya matibabu. Nyuzi zile huchukua muda mrefu kutulia, na bila kifaa hicho meno huanza kurudi yalikotoka. Wengi huendelea kukivaa usiku kwa miaka.