Jikoni Nako Kuna Silaha

Bunduki humlinda askari, lakini bunduki hubebwa na mtu aliyekula akashiba. Kwa sababu hiyo jiko la kambi ni sehemu ya ulinzi wa taifa, na wale waamkao saa kumi za usiku kuchochea moto wanastahili heshima ile ile apewayo mlinzi wa lango. Kumenya magunia ya viazi kwa kisu, kusaga nyama ya kikosi kizima na kukanda unga wa chapati ni kazi zinazochosha mgongo na kula saa nyingi. Ndiyo maana mashine za umeme zimekaribishwa kwa furaha katika mesi za jeshi na za polisi.

Mashine hizo si ngeni majeshini. Mwaka 1908 mhandisi wa Marekani, Herbert Johnston, alimwona mwokaji akihangaika kukoroga kinyunya kwa kijiko cha chuma, akatambua kwamba mota ingeweza kuifanya kazi hiyo. Kampuni ya Hobart ikatengeneza mashine yenye bakuli la lita 75 hivi, na kufikia mwaka 1917 wanamaji wa Marekani walikuwa wakiitumia katika manowari zao.

Hata hivyo, mashine haina huruma. Nilijifunza hayo nikiwa Luteni mpya, ofisa wa zamu katika kambi ambayo sitaitaja. Siku hiyo palikuwa na karamu. Mpishi wetu, koplo mwenye bidii, alinijia akapiga saluti.

"Afande, viazi ni vingi na muda ni mfupi. Karakana wana mashine ya kutobolea mbao. Tukiifunga kile chuma cha kukorogea rangi, tutaviponda kwa dakika tano."

Nilicheka, nikamruhusu. Viazi vilipondeka upesi na askari waliokuwa wakitazama wakashangilia. Kisha mmoja wao akaonja, akatema. Grisi ilikuwa imedondokea sufuriani, na mabaki ya rangi yalikuwa yamebanduka kwenye chuma. Tulimwaga sufuria tatu.

Hilo lilikuwa dogo. Koplo alipokuwa akikifuta kile chuma kwa kitambaa, askari mwingine aliinua mashine ili aisogeze, kidole chake kikagusa kifyatulio. Plagi ilikuwa bado ukutani. Kitambaa kilijisokota kwenye chuma pamoja na mkono, na koplo akapoteza ncha ya kidole cha shahada, kidole kile kile ambacho askari hufyatulia risasi. Ripoti niliiandika mwenyewe, na jina la aliyetoa ruhusa lilikuwa langu.

Hakuna mpiganaji asafishaye bunduki kabla ya kutoa magazini, kukoki na kuchungulia chemba. Nidhamu hiyo hiyo haina budi kuingia jikoni. Kabla ya kufungua, kusafisha au kuzibua mashine yoyote, zima swichi, kisha chomoa plagi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, fanya vivyo hivyo, kwani ukirudi hautapiga hodi.

Nyama isukumwe ndani ya mashine ya kusagia kwa mchi wake, kamwe si kwa vidole. Pete na saa zivuliwe, na mikono ya shati ikunjwe juu ya viwiko. Mashine ya kumenya viazi isijazwe kupita kiasi, tena isimamishwe mapema, maana huendelea kukwangua hata baada ya ganda kwisha, na chakula cha askari huenda na maji machafu. Mchuzi wa moto usijazwe ndani ya blenda, kwa kuwa mvuke huweza kurusha kifuniko na kumchoma mpishi usoni.

Umeme wetu wa volti 240 na sakafu yenye maji ni maadui wawili wasiopaswa kukutana. Mikono iwe mikavu, waya wa ardhini uwepo, na fundi afunge kifaa kinachokata umeme mara unapovuja.

Usafi nao ni ulinzi. Vipande vya nyama vilivyosalia ndani ya mashine ni maskani ya vijidudu, ambavyo huzaana kati ya nyuzi 5 na 60 za joto. Mashine ifunguliwe kila baada ya kazi, sehemu zigusazo chakula zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha zikaushwe. Na zana za karakana zibaki karakana.

Koplo yule alipona, akarudi jikoni. Tangu siku ile, kila alipoisafisha mashine, aliiweka plagi juu ya meza, mbele ya macho yake, ndipo akagusa kisu cha ndani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni wajibu wetu sisi maofisa kuhakikisha kwamba anayetupikia anarudi nyumbani na vidole vyake vyote kumi.